Kitulo na familia: msiende Juni

Swali lililonifikia ni hili, nimelifupisha: "Mimi ni mwalimu wa sekondari Dodoma. Likizo ya Juni tumepanga kwenda Hifadhi ya Kitulo kutembea kwa miguu na kuona maua, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka 12. Hatujawahi kupanda mlima. Mume wangu anatumia dawa za presha. Rafiki yetu ametuambia tusihofu, kule juu ni tambarare tu, ni kama kutembea uwanjani. Tuna siku nne. Tujiandae vipi?"

Mwalimu, nianze na tarehe, maana ndiyo itakayoamua mengine yote. Msiende Juni. Kuanzia Juni hadi Agosti Kitulo ni baridi na ukungu. Zipo asubuhi ambazo nyasi huamka zimevaa sakitu, nyeupe kana kwamba mtu amepita usiku akizinyunyizia chumvi, na ukikanyaga unazisikia zikikatika chini ya kiatu. Ni mandhari nzuri kwa aliyezoea, lakini ninyi mnafuata maua, na maua wakati huo yamelala ardhini. Nimewaona watu waliotoka mbali wamesimama katikati ya uwanda mwezi wa saba, mikono kwapani, wanauliza bustani yenyewe iko wapi.

Maua ya Kitulo hufuata mvua. Mvua hushika mwishoni mwa Novemba, na kuanzia Desemba hadi Aprili ndipo uwanda unapochanua, tena kwa zamu: leo bonde hili la njano, wiki mbili baadaye lile la zambarau. Septemba hadi Novemba ndiyo miezi mitamu zaidi kwa miguu, jua lipo na njia ni kavu, ila maua ni haba. Mtu anayetaka kutembea tu ningemwambia aende Oktoba bila kusita. Ninyi mna mtoto wa shule na mnataka maua, basi jibu lenu ni likizo ya Desemba. Mtalowa. Hilo mlikubali kabisa kabla ya kufunga mabegi, kisha tutaona namna ya kulowa bila kuumia.

Nataka pia mjue mnakwenda wapi, kwa sababu Kitulo haifanani na hifadhi nyingine mlizozoea kusikia. Hamtaona simba wala tembo. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, kilomita za mraba 412 na ushee, na ndiyo ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Uwanda wenyewe uko kwenye mita 2,600 hivi, umezungukwa na safu za Kipengere, Uporoto na Livingstone. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Wataalamu wamehesabu humo aina kama 350 za mimea, na 45 kati ya hizo ni orkidi za ardhini. Orkidi hizo ndizo zilizosukuma watu kudai ulinzi: zina viazi vidogo mizizini, na viazi hivyo vilikuwa vinachimbwa kwa magunia kwenda kuuzwa Zambia, ambako hupikwa na karanga kuwa chakula kinachoitwa chikanda. Ukichimba kiazi, ua la mwaka ujao limeondoka nacho. Kwa hiyo binti yenu akitaka kuchuma ua moja tu la ukumbusho, mkatazeni kwa upole na mumweleze sababu. Mtoto wa miaka 12 anaelewa vizuri kabisa.

Sasa maneno ya rafiki yenu. Kwamba kule ni tambarare, kwa kiasi kikubwa ni kweli: ni nyasi na vilima vya mviringo, na njia nyingi hazipandi sana. Tatizo ni pale anaposema msihofu. Mlima wenye mteremko mkali hukuonya wenyewe. Unahema, unakaa, unageuka. Uwanda hauonyi. Unatembea kwa raha saa mbili, mwili una joto, jua linawaka, unaona kilima kingine kizuri mbele na kingine nyuma yake, na ukigeuka gari limekuwa nukta. Hapo wingu likishuka huna mti, huna mwamba, huna ukuta wa kujikinga upepo. Hatari ya Kitulo ni kuwa mbali na kimbilio wakati hali ya hewa inapogeuka.

Niliwahi kutembea huko na vijana watatu wenye nguvu, Januari. Tulikuwa na uhakika wa njia hata hatukuwasha kifaa cha kuonyesha mahali. Ukungu ulikuja kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na ndani ya dakika chache nilikuwa simwoni kijana wa nyuma. Tukaendelea, kila mmoja akiapa kwamba tunakwenda moja kwa moja. Baada ya dakika arobaini hivi tukakuta nyayo kwenye tope, viatu vinne tofauti. Mmoja akafurahi, akadhani tumewapata wenzetu. Nikaweka mguu wangu juu ya unyayo mmojawapo, ukaingia sawasawa. Tulikuwa tumezunguka. Tangu siku hiyo sitembei uwandani bila mwenyeji wa eneo au askari wa hifadhi, na ramani naipakua kwenye simu nikiwa bado mjini, kwa kuwa mtandao juu huko huja na kuondoka. Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Kwa familia inayokwenda mara ya kwanza, mwongozaji si anasa, na msikubali mtu yeyote awashawishi kumwacha ili kupunguza gharama.

Siku yenu ya kutembea ipangeni kwa kuangalia adhuhuri. Katika miezi ya mvua, asubuhi mara nyingi huwa angavu na tulivu. Mawingu hujijenga kuelekea saa sita, na radi hupenda mchana na alasiri. Kwa hiyo muwe mmeanza kutembea saa kumi na mbili na nusu, saa moja asubuhi ikichelewa sana, na kufikia saa sita mchana muwe mnarudi, si mnakwenda. Mkiona mwanga wa radi, hesabuni sekunde hadi ngurumo isikike. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ikiwa chini ya thelathini, radi iko karibu vya kutosha kuwapiga: ondokeni kwenye kilele na mgongo wa kilima, msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, na kama gari liko karibu ingieni mfunge madirisha. Subirini nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Nusu saa ni ndefu mtu akiwa amelowa, najua. Subirini.

Mwendo wenyewe upimeni kwa kanuni ya Mskochi mmoja, William Naismith, aliyoiweka mwaka 1892 na bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Mfano, mkitaka kupanda Mtorwi, ambao una mita 2,961 na ndio mrefu kuliko yote ya Nyanda za Juu Kusini, kutoka uwandani ni kama mita 360 za kupanda. Tuseme kwenda na kurudi ni kilomita kumi: saa mbili za kutembea na dakika 36 za kupanda. Lakini Naismith alimfikiria mtu mzima aliyezoea, asiyesimama. Ninyi mna mtoto, hewa nyepesi, tope na maua ya kusimamia kila hatua ya ishirini. Zidisheni kwa mbili. Saa tano na kidogo. Mkianza saa moja asubuhi mnarudi saa sita na robo, inatosha bila nafasi ya kuchezea. Mkianza saa tatu, mmeshachelewa, badilisheni njia.

Hewa nyepesi tuizungumze kwa sababu ya mume wako. Kwenye mita 2,600 kila pumzi inabeba oksijeni kama robo tatu tu ya ile ya pwani. Dodoma mko kwenye mita 1,100 hivi, kwa hiyo mnapanda mita 1,500 kwa siku moja mkienda moja kwa moja. Wengi huhisi kuchoka haraka na kichwa kizito, na wengine hukosa usingizi usiku wa kwanza. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kujitokeza kuanzia mita 2,500, basi ninyi mtakuwa kwenye mlango wake tu. Lakini msiupuuze: mwenye kichwa kinachouma na kichefuchefu apumzike, anywe maji, asipande zaidi, hali ikizidi ashushwe siku hiyo hiyo. Mume wako aonane na daktari wake mwezi mmoja kabla na amtajie mwinuko kwa namba, asiseme tu "naenda milimani". Zipo dawa za presha zinazozuia mapigo ya moyo kupanda, na mtu akiwa juu huchoka mapema bila kuelewa kwa nini. Zipo zinazomwendesha mtu haja ndogo, naye huishiwa maji haraka. Asiache dozi hata siku moja, na dawa zikae kwenye begi lake la mgongoni, zisiachwe kwenye gari.

Kwenye mavazi ndipo watu wengi huharibikiwa. Kwa mita 1,500 mtakazopanda, joto litashuka kama nyuzi 10 kutoka lile la Dodoma, na hapo hatujahesabu upepo wala mvua. Jinzi ziacheni nyumbani. Jinzi ikilowa huwa nzito, haikauki, na inanyonya joto la mwili mchana kutwa. Fulana za pamba nazo ni hivyo hivyo. Vaeni tabaka: fulana nyepesi ya michezo inayokauka haraka, juu yake sweta la sufu au flizi, juu kabisa koti la mvua lenye kofia. Haya yote yanapatikana mitumbani kwa subira ya asubuhi mbili za Jumamosi, na mara nyingi ni mazuri kuliko mapya ya dukani. Koti la mvua lijaribuni bafuni, chini ya bomba, dakika tano. Likivuja bafuni litavuja Kitulo.

Ndani ya kila begi tandikeni mfuko mzito wa plastiki, na humo muwe na nguo kavu kamili za kulalia ambazo haziguswi mchana kwa sababu yoyote. Ukivua nguo iliyolowa ukavaa kavu, usiku unabadilika. Mtu anayetetemeka, kisha anaanza kujikwaa na maneno yake yanakuwa mazito, huyo baridi imemwingia mwilini: mvueni nguo mbichi, mvisheni kavu, mfunikeni pamoja na mwenzake, mpeni kitu kitamu na cha moto. Mtoto hufika hapo kabla ya mtu mzima, na mara nyingi hasemi. Mwangalieni mikono.

Viatu visiwe vipya. Anzeni kuvivaa Oktoba, kila Jumapili mwende kilomita nne, tano, sita, mkizidisha kidogo kidogo. Dodoma mna vilima vya kutosha kufanyia mazoezi. Soksi za sufu jozi mbili kila mtu. Sehemu ya mguu ikianza kuwaka, simama hapo hapo ubandike plasta, usingoje lengelenge. Na kofia yenye ukingo pamoja na mafuta ya kuzuia jua: watu hufikiri baridi imeondoa jua, kumbe mionzi inayounguza ngozi huongezeka kama asilimia kumi kwa kila mita elfu moja. Nimeona pua zimebambuka ngozi siku ya mawingu.

Chakula cha njiani kiwe cha kuliwa bila kupikwa: karanga za kukaanga, mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi. Msibebe maharage mabichi mkidhani mtayapika kambini. Kwenye mwinuko ule maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100, na maharage yatawamalizia gesi yakiwa bado magumu. Viazi mviringo mtavipata vizuri Matamba, mahali mtakapolala usiku wa kwanza; hivyo vinaiva. Maji ya vijito yanavutia, na vijito hivyo vingi ndivyo vinavyokwenda kuulisha Ruaha Mkuu, lakini eneo hilo lina ng'ombe tangu zamani, kuna shamba la mifugo la Kitulo pale pale jirani. Chemsheni.

Siku nne zinatosha, kwa sharti kwamba msizihesabu pamoja na safari ya kutoka Dodoma. Njooni kwa njia ya Iringa na Makambako hadi Chimala, kilomita 78 kabla ya Mbeya mjini. Hapo ndipo inapochepuka barabara ya kupanda Matamba, inayoitwa Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Msiipande usiku, na msiipande mvua ikiwa inanyesha. Ulizeni hali yake Chimala siku hiyo hiyo, na dereva awe amezoea milima. Katikati ya kona simameni mahali salama mgeuke nyuma: bonde lote la Usangu limetandazwa chini yenu. Chimala kuna mbu, na Matamba hakuna wa kutaja, basi kama mtalala Chimala tumieni chandarua.

Siku ya kwanza lala Matamba, kwenye gesti za kawaida, ili mwili upande kwa hatua. Mchana huo huo pitieni kwenye ofisi ya hifadhi, mpange mwongozaji na mwulize maua yako bonde gani wiki hiyo. Swali hilo msilisahau, kwa kuwa askari wanaozunguka kila siku wanajua ambacho hakuna kitabu kinajua. Ada za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hulipwa kwa mtandao, si kwa fedha mkononi, na kibali huhesabiwa saa 24 tangu mnapoingia; kwa hiyo ingieni alfajiri ya siku ya pili, msiingie jioni ya kwanza mkapoteza usiku. Viwango vithibitisheni wiki moja kabla.

Siku ya pili iwe ya uwanda tu, bila kilele, bila lengo la kilomita. Siku ya tatu, kama vichwa vimetulia na anga imefunguka, pandeni kilima. Kama sivyo, rudini uwandani upande mwingine na msijisikie mmeshindwa. Siku ya nne ningewapeleka kwenye msitu wa Livingstone, ambako anaishi kipunji, kima wa milimani ambaye sayansi haikumjua hadi mwaka 2003, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake siku zote, na jina hilo ndilo analoitwa hadi leo. Kumwona ni bahati sana, kwani hukaa juu ya miti na ni wachache mno. Lakini msitu wenyewe, baada ya siku mbili za nyasi na upepo, unatosha. Kurudi mnaweza kushukia upande wa Isyonje mtokee barabara ya Tukuyu. Watu watawaambia pia kuhusu njia ya miguu kutoka uwandani hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Ni njia nzuri mno. Ila ziwa liko kwenye mita 475 hivi, maana yake mnashuka zaidi ya mita 2,000, na magoti ambayo hayajazoea yatalia kwa siku tatu. Iacheni kwa safari ya pili.

Nirudi siku ya pili, kwa sababu ndiyo ninayoitamani kwa ajili yenu. Watu hufika Kitulo wakitazama mbali, kama wanatafuta wanyama. Kule hakutazamwi mbali. Mwongozaji akiwaonyesha orkidi, mwambieni binti alale kifudifudi juu ya koti la mvua, uso usawa wa ua. Zipo aina ambazo kila ua dogo lina vijipembe viwili nyuma, vimening'inia kama mikia ya mbuzi mapacha, na humo ndimo asali ilimo. Akisubiri kimya ataona mdudu akiingiza ulimi. Mbele kidogo kutakuwa na yale maua marefu ya rangi ya kaa la moto, yamesimama kama mienge, na ndege chozi akining'inia kichwa chini anafyonza. Na mkiona mbayuwayu mwenye rangi ya buluu iliyokolea, mkia wake kama nyuzi mbili ndefu, anapita chini chini juu ya nyasi, simameni wote. Ni mbayuwayu buluu, mmoja wa ndege walio hatarini duniani, na huja kuzaliana katika nyanda kama hizi wakati huo huo wa mvua.

Saa mbili za namna hiyo zitawapeleka labda kilomita moja na nusu. Msiharakishwe na mtu. Mnunulieni binti lenzi ya mkononi ya kukuza, ile ya maabara ya shule, aifunge kwa kamba shingoni, na daftari lenye jalada la plastiki. Kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi yenye umande; apewe ya risasi, mbili.